Nani Alimvuta Mtoto?

Sehemu ya tisa

Mlango wa ofisi ya wakili, uliowakosesha usingizi wasomaji wangu wiki nzima, ulifunguka hadi mwisho. Aliyeingia hakuwa askari, wala mtu wa hospitali aliyekuja na vitisho. Alikuwa Jenerali.

Anayetusoma leo kwa mara ya kwanza asiogope cheo. Jenerali hajawahi kushika bunduki. Ni mama mkwe wa Msusi, na jina hilo alipewa na wanawe wa kuwazaa mwenyewe, kwa kunong'ona, kwa sababu za kiusalama.

Msusi alikuwa ameketi mbele ya wakili, mtoto kifuani, mdomo wazi. Swali la wakili lilikuwa moja tu: siku mtoto anazaliwa, nani alimpokea? Naye alikuwa ameshafika kwenye "Alikuwa wi..." mama mkwe alipotokea. Ile "fi" ikarudi tumboni bila nauli.

"Endelea, mke wa mwanangu," Jenerali alisema, akifuta jasho la ngazi. "Nisikukate. Alikuwa wi nani?"

Msusi akaangalia sakafu. Wifi yake ni Mkunga, na Mkunga ni binti wa Jenerali, dada wa tumbo moja wa Fundi, yule mchomelea mageti aliyemuoa Msusi. Ukitaja jina lake ofisini kwa wakili, umeitaja familia nzima.

Chini ya ofisi palikuwa na duka la magodoro. Spika yake haikupumzika. "Godoro la mgongo! Godoro la mgongo!" Feni ilikuwa inagonga kama inataka kutoka. Mtoto akajinyonganyonga, akalia, akanyamaza, akaanza tena.

Alikuwa anapunga mkono mmoja. Wa kulia.

Wa kushoto ulikuwa umelala ubavuni tangu siku aliyozaliwa. Bega limeshuka, kiwiko kimenyooka, kiganja kimegeukia nyuma kama cha askari wa barabarani anayepokea chai asionekane. Majirani wenye ulimi walishaanza kumwita Trafiki. Msusi alishaacha kuwasuka majirani wenye ulimi.

Daktari wa mishipa ya fahamu alilieleza jambo bila kuzunguka. Mishipa inayotoka shingoni kupeleka amri mkononi ilivutwa wakati wa kuzaliwa. Watoto wengi hupona wenyewe. Lakini huyu alikuwa anaingia mwezi wa tano na kiwiko chake hakijakunjika hata siku moja. Kisipokunjika karibuni, itabidi apasuliwe, mishipa iungwe, na kuchelewa ni hasara, kwa kuwa msuli usiopata amri husinyaa.

Upasuaji huo haukuwa ukifanywa mjini humo. Hospitali ingemsafirisha mtoto na kumtibu endapo ingekubali kosa. Hospitali nayo ikauliza, kosa gani? Mtoto kazaliwa hivyo. Kamati yao ilikuwa inakaa mchana huu kufunga shauri, isipokuwa ajitokeze mtu aliyekuwemo chumbani aseme alichokiona.

Ndiyo maana Msusi alikuwa hapo. Na ndiyo maana Jenerali alikuwa hapo.

"Mama, tafadhali subiri nje," wakili alisema. Alikuwa kijana mwenye tai fupi na sentensi ndefu. "Mazungumzo kati ya mteja na wakili wake, kwa utaratibu wa kazi yetu, ni..."

"Mwanangu, andika," Jenerali akamkata, akavuta kiti, akakaa. "Ni mimi."

"Ni wewe nini, mama?"

"Niliyemvuta mtoto. Mkunga alitoka kwenda kunawa mikono. Nikaona kazi inachelewa, nikavuta. Andika upesi kabla sijabadili mawazo."

Msusi alihisi kiti kinazunguka, na hakikuwa kiti cha kuzunguka.

Wakili naye hakuwa mjinga kama tai yake ilivyodai. Akachukua taulo lake dogo la jasho, akalikunja vizuri, akaliweka mezani. "Huyu ndiye mtoto. Nionyeshe."

Jenerali akalikamata taulo kwa mikono miwili. "Hivi," akavuta. "Halafu hivi."

"Hapo umeshika wapi, mama?"

"Miguu."

"Mama," Msusi alisema polepole, "mwanangu alitangulia kichwa."

Jenerali hakupepesa hata kope. "Nilianza na kichwa. Nikahamia miguuni kwa usalama."

Kicheko kilimtoka Msusi bila ruhusa, na katikati ya njia kikageuka kikawa kitu kingine. Akafuta macho kwa blanketi la mtoto. "Siku ile ulikuwa nje unagombana na mlinzi, mama. Wodi nzima ilikusikia. Mimi na uchungu wangu nilikusikia. Ulikuwa unamwambia amekosa malezi."

"Alikosa kweli."

"Lakini hukuingia."

Taulo likadondoka mezani. Mabega ya Jenerali yalishuka, cheo kikaanguka, akabaki mwanamke mzima aliyepanda ngazi nyingi kuja kudanganya vibaya.

"Wewe una mmoja wa kumtetea," alisema. "Mimi ninao wawili. Aliyekuoa na aliyekuzalisha. Nikishika huyu, naachia yule. Wewe ungefanyaje?"

"Ningesema kweli, mama."

"Utaona akikua."

"Na huenda akakua na mkono mmoja!"

Mtoto akaruka kwa ile sauti, akalia kilio cha haki yake. Msusi akasimama, akatembea toka dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani, akimpigapiga mgongoni. Wakili akawa anamfuata kwa macho kama mtazamaji wa mpira. "Godoro la mgongo!" spika ikashauri.

Safari ya tatu kufika mlangoni, akagongana na mtu.

Alikuwa amevaa sare nyeupe, viatu vya wodini, kadi ya kazi shingoni. Mkunga mwenyewe. Alikuwa ametoroka zamu, na kwa uso wake ilionekana alikuwa ngazini kitambo, amesikia yote.

"Mama, nyamaza sasa," alimwambia Jenerali. "Umeniaibisha. Kumvuta mtoto kwa miguu! Mama mzima wa mkunga, unasema miguu."

"Mimi nilikuzaa tu, nitajuaje mambo ya kazi yako?"

Hakuna aliyecheka. Mkunga alikuwa anamtazama Msusi, na Msusi alikuwa anamtazama mtoto. Miezi yote hii wifi hao walikutana sokoni na msibani, wakaulizana habari, wakajibiana nzuri. Kila mmoja akaenda na uongo wake.

"Niulize," Mkunga alisema.

"Uliita msaada?"

"Hapana."

Neno moja. Wakili akashika kalamu, akaiweka chini, akaishika tena.

"Nieleze kama unavyowaeleza wanafunzi wako," Msusi alisema. "Mimi nimeishia kidato cha nne, usinipitishe kona."

Mkunga akabaki amesimama. "Pale wodini tuna sheria yetu. Haijaandikwa popote, lakini ina nguvu kuliko zilizoandikwa. Ndugu hashiki ndugu. Akija wa kwako, unampisha mwenzako, unakaa nje kama watu wengine, unaomba Mungu. Kwa sababu mtu akimshika wa kwake, kazi inahama kichwani inakwenda moyoni."

"Naijua hiyo sheria."

"Unaijua kwa sababu nilikwambia ulipokuja kunibembeleza. Ulisema hutaki mgeni akushike. Ulisema nikikukatalia utajifungulia saluni, kwenye kiti cha kuoshea nywele."

Hilo lilikuwa kweli. Alilisema, tena kwa kucheka, huku anamsuka wifi yake bure.

"Nikabadilishana kitanda na mwenzangu kimyakimya," Mkunga aliendelea. "Kila kitu kilikwenda vizuri. Kichwa kikatoka. Halafu kikarudi ndani kidogo, kikabana. Kama kobe. Kila mkunga anakijua kichwa cha namna hiyo. Maana yake bega limekwama nyuma ya mfupa wa mama. Hapo huvuti, wifi. Hapo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza havuti. Unabonyeza kengele, watu wanakimbia kuja, miguu ya mama inakunjwa hadi tumboni, mmoja anasukuma bega kwa juu ya kinena. Mtoto anatoka. Nimeifanya kazi hiyo kwa watoto wa watu, wako mtaani wanarusha mawe."

"Na kengele?"

"Ilikuwa ukutani. Hapa." Akanyoosha mkono, akaugusa ukuta wa ofisi, kando ya kalenda ya wakili. "Mkono ulifika. Nikakumbuka ikilia tu, anayetangulia mlangoni ni Sista Mkuu, na atanikuta mbele ya wifi yangu. Nikasema, nijaribu mwenyewe. Mara moja tu."

"Ukavuta mara moja?"

Spika ya chini ilikuwa imenyamaza, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kana kwamba nayo inasikiliza.

"Mara tatu," Mkunga alisema. "Ya tatu nilihisi kitu kimeachia shingoni. Kidogo tu, kama uzi."

Jenerali akaziba masikio. Msusi hakuziba. Alikuwa ameandaa makofi kwa ajili ya dakika hii, ameyafanyia mazoezi kwenye mto, sasa akatafuta mkono wa kupigia akakuta yote miwili imembeba mtoto.

"Mimi nilikuwa nasema nini?" aliuliza. "Wakati huo. Sikumbuki."

"Ulikuwa unasema, wifi, usiniache."

Haya, wasomaji wangu, mimi ni mtu wa mzaha, lakini hapo hata mimi nimekosa la kusema. Tuvuke.

Wakili akakohoa. "Lazima niwe mkweli. Hospitali itasema mama mwenyewe ndiye aliyeomba utaratibu uvunjwe. Watalishikilia hilo kwa meno."

"Waseme," Msusi alijibu. "Niliomba mimi. Mtoto hakuomba." Akamgeukia Mkunga. "Utayasema haya mbele ya kamati? Leo, sasa hivi?"

"Wakinifukuza?"

"Watakufukuza."

"Na watanifungia leseni."

"Huenda."

Mkunga akaivua kadi ya kazi shingoni, akaitazama picha yake akiwa mwembamba, akairudisha. "Nitaingia nayo. Waivue wenyewe. Twende kabla miguu haijanisaliti."

Jenerali akazimia. Lakini kabla ya kuzimia alichagua upande usio na meza, akakisogeza kiti, akalegea vizuri. Alipoona hakuna anayemwendea, akazinduka mwenyewe, akaokota mkoba, akawafuata.

Walikuwa katikati ya ngazi simu ya Msusi ilipolia. Fundi. Mumewe.

"Mke wangu!" Sauti yake ilikuwa nyepesi, sauti ya mtu aliyetua mzigo. "Uko wapi? Acha kuhangaika. Nimemaliza kila kitu."

"Umemaliza nini?"

"Niko hapa hospitali na Mganga Mkuu. Mtu muungwana kabisa, kaniagizia soda. Nimewaambia sisi kama familia tumesamehe, hatudai, mtoto kazaliwa hivyo. Dada hataguswa! Tumepeana na mikono."

Msusi akasimama ghafla, Jenerali akamgonga kwa nyuma, Mkunga akamshika Jenerali. Msafara mzima ukayumba.

"Mmepeana mikono," Msusi alisema. "Na wa mwanao mmempa nani?"

"Mke wangu, usiongee hivyo kwenye simu."

"Basi nakuja tuongee ana kwa ana."

Akakata. "Wakili, baba akishasamehe, imekwisha?"

"Kwa mujibu wa..."

"Kwa kifupi!"

"Haijaisha hadi kamati isimame. Mama ana sauti yake. Kimbia!"

Hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara, maana mawakili huota mbele ya hospitali kama uyoga baada ya mvua. Wakavuka bila kuangalia kushoto wala kulia. Lori likapiga honi, Jenerali akalipigia kelele, lori likaomba radhi. Wakapita getini, kwenye dirisha la dawa, kwenye mabenchi ya kliniki ambako wajawazito walikunja miguu kuwapisha. Mtoto kifuani mwa Msusi alikuwa ameacha kulia. Ule mkono wa kushoto ulikuwa unaning'inia nje ya blanketi, unacheza kwa kila hatua kama si wake.

Mlango wa chumba cha mikutano ulikuwa mwisho wa korido. Mbele yake alisimama Fundi.

Alikuja na ovaroli la kazini, matundu ya cheche kifuani. Alipomwona mkewe akatabasamu. Alipomwona dada yake nyuma ya mkewe, tabasamu likafa. Akatandaza mikono, akashika kizingiti huku na huku.

"Hapana," alisema. "Dada, rudi wodini."

"Nipishe, kaka."

"Nani alinisomesha ufundi? Nani aliniletea uji gereji nilipoungua macho? Leo nisimame kando uingie kujinyonga?" Akamkazia mkewe macho mekundu. "Na wewe, ukiingia naye humo, usirudi nyumbani kwangu."

Jenerali akavuta pumzi kusema, akakosa upande wa kuupigia kelele. Wakili akaanza, "Kisheria, korido ya umma..." hakuna aliyemsikiliza.

Msusi alimtazama mumewe. Mikono minene, imenyooka, imeziba mlango. Mikono iliyoinua mageti ya watu. Tangu daktari alipotaja neno mishipa, mikono hiyo haikumbeba mtoto tena. Fundi alisema anaogopa kumvunja. Akawa anamsalimia kutoka mbali, kama mgeni anayeondoka.

"Shika mwanao," Msusi alisema, akampa.

Hakumpa kwa hiari ya mpokeaji. Alimsukuma mtoto kifuani pa ovaroli, akaachia. Na mtu, hata awe mkali vipi, mtoto akiachiwa hewani mikono yake haingoji ushauri. Ya Fundi ilitoka kizingitini yote miwili, ikamkumbatia binti yake.

Mlango ukabaki wazi.

"Wifi, pita," Msusi alisema.

Wakapita.

Ndani kulikuwa na meza ndefu, watu wazima wa makoti meupe, chupa za soda. Mganga Mkuu alikuwa ameshakusanya karatasi zake. "Mama mtoto," alisema kwa upole wa mtu anayetaka kwenda kula. "Tumeshaelewana na mzee. Mtoto alizaliwa hivyo."

"Hakuzaliwa hivyo," Msusi alijibu. "Muulizeni aliyempokea. Amekuja."

Vichwa vyote vikamgeukia Mkunga. Sista Mkuu, aliyekaa mwisho wa meza, akavua miwani taratibu. Mkunga akasogea hatua moja mbele.

"Siku ile," alisema, "sikubonyeza..."

"AMEUKUNJA!"

Sauti ilitoka koridoni. Ya Fundi.

"Mke wangu! Ameukunja! Kiwiko kimekunjika, nimekiona! Haki ya Mungu ameukunja!"

"Nami nimeona!" Jenerali akaitikia kwa nguvu. "Umekunjika kabisa!"

Mkunga akasita. Macho yake yakamkimbilia Msusi. Chumba kizima kilimgeukia Msusi, na Msusi alikuwa na shingo moja tu. Akigeuka mlangoni, wifi yake atafunga mdomo, na hatapata ujasiri wa kuufungua tena maishani. Asipogeuka, huenda nyuma ya mgongo wake mkono ule unafanya kitu alichokiombea tangu siku ya kwanza.

Tena mashahidi wenyewe ni nani? Mmoja angeuza ulimwengu kumwokoa dada yake. Mwingine, muda si mrefu uliopita, alilivuta taulo kwa miguu.

"Wifi," Msusi alisema, shingo ngumu, machozi yanashuka yenyewe. "Malizia kwanza."

"Sikubonyeza kengele," Mkunga alisema kwa mkupuo. "Bega lilikwama, nikavuta shingo. Ni mimi."

Kalamu ya Sista Mkuu ilianguka chini. Mganga Mkuu akasimama, akanyanyua kiganja kuzuia wote.

"Hakuna anayeandika neno. Mleteni mtoto hapa mezani. Nataka kuuona huo mkono kwa macho yangu."

Mlango ukasukumwa kwa goti. Fundi akaingia, binti yake amefunikwa blanketi hadi kidevuni, naye Fundi mwenyewe alikuwa analia waziwazi, kamasi na yote.

Sasa, hakuna aliyewahi kumwona Fundi akilia. Si mkewe, si dada yake, wala Jenerali aliyemzaa. Kwa hiyo hapakuwa na mtu chumbani mle aliyeweza kujua kama kilio kile kilikuwa cha baba aliyeona muujiza, au cha mwongo anayeombwa afunue blanketi.